Mtoto wa Miaka 4 Mwenye Kipara

Jamani, mimi na hospitali hatuivi, na si kwa sababu ya ugonjwa. Ni faili. Nikienda na jino, faili halionekani. Nikienda na mgongo, limeonekana, ila la mtu mwingine. Kila daktari anaanza upya: kuna dawa inayokudhuru? Umewahi kupasuliwa? Nimejibu mpaka nimechanganyikiwa, juzi nikajiongezea upasuaji ambao sikufanyiwa.

Mpwa wangu, yule anayelala amekumbatia kompyuta, akaniambia, "Mjomba, dawa yake ni blokucheini."

"Nimeze mara ngapi kwa siku?"

Alipomaliza kucheka akanieleza. Kumbe ni daftari la kumbukumbu ambalo halifungiwi kabatini na mende. Nakala zake zinakaa kwenye kompyuta nyingi kwa mpigo. Kila ukurasa umebeba alama ya ukurasa uliotangulia, mithili ya alama ya kidole, hivyo kurasa zinashikana kama mnyororo. Ukichokonoa nukta moja tu, alama inageuka yote, na kompyuta nyingine zinakushtukia palepale. Wazo lenyewe la kufungamanisha kumbukumbu hivyo ni la 1991, Bitcoin, ile sarafu ya kwenye kompyuta, ikalipatia umaarufu kuanzia 2009, na huko Estonia, nchi ya Ulaya, mwaka 2016 wakaanza kazi ya kulinda nalo kumbukumbu za wagonjwa.

Nikashtuka. Ina maana majibu yangu ya mkojo yatazagaa kwenye kompyuta za walimwengu? Akasema hapana, majibu yenyewe mara nyingi yanabaki hospitali. Kwenye mnyororo inakwenda ile alama tu, pamoja na orodha ya nani kafungua faili lako, na saa ngapi.

Nani kafungua! Hapo nikajiweka sawa kitini. Lakini nikakumbuka siri yangu haikuibwa na mdukuzi yeyote. Ilitokea dirishani, kwa sauti kavu ya mhudumu: "Yule wa bawasiri asogee!" Foleni nzima ikapasuka katikati kunipisha, hadi bibi mwenye mkongojo. Sasa yule dada mtamfunga na mnyororo gani?

"Halafu Mjomba, kuna mifumo ambayo mwenye ruhusa ni wewe mgonjwa. Unapewa ufunguo wako wa siri."

"Nikiupoteza?"

Akakohoa. Mimi huyu namba ya siri ya simu nimeiandika nyuma ya simu yenyewe. Na siku nikizirai je, daktari atainama kuninong'oneza, mzee, hebu zinduka kidogo utupe ufunguo?

Ila kilichonimaliza ni sifa yenyewe wanayojivunia: kilichoandikwa hakifutiki. Huko Ulaya, tangu 2018 kuna sheria inayompa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe, basi wanasheria na watu wa kompyuta wamebaki kutazamana. Mimi nina la kwangu. Nina miaka 46. Aliyeniandikisha aliimeza ile 6. Nikapelekwa kwa watoto, nikakalia kigoda magoti yakigusa masikio, pembeni yangu mtoto analia kwa kuniona. Daktari alitazama karatasi, akatazama kipara, akarudi kwenye karatasi. Karatasi ikashinda. Nikaandikiwa dawa ya maji, kijiko kimoja cha chai asubuhi na jioni.

"Kosa kama hilo linarekebishika," mpwa akanituliza. "Unaongezwa ukurasa mpya wa masahihisho."

"Na ule wa zamani?"

"Unabaki, Mjomba. Hauguswi."

Yaani daftari linalinda uongo kwa ulinzi uleule linaolinda ukweli! Nitazeeka, nitatembelea fimbo, na utoto wangu uko salama salimini kwenye kompyuta zote.

Jana nimerudi na ule mgongo. Safari hii faili limeonekana mara moja, na ni langu. Mhudumu akalifunua, akanitazama, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Mzazi wake yuko wapi?"