Mtani Hafukuzwi Msibani

Kuna jambo linaendelea katika misiba ya Dar es Salaam na limenichosha. Tunawafukuza watani, wale watu wa kabila ambalo kwa mila lina ruhusa ya kutaniana na kabila la wafiwa.

Juzi nilikuwa Mbagala, tunamzika mzee wa Kizaramo, jirani wa siku nyingi. Turubai limefungwa, spika zimepangwa, na kuna mshereheshaji mwenye kipaza sauti na ratiba iliyochapwa. Akatokea mama wa Kisukuma, mtani wa ukoo ule, kavaa kanzu ya marehemu na kofia yake, fimbo mkononi, anatembea vilevile alivyotembea mzee, bega moja limeshuka. Akakohoa kikohozi chake. Akauliza, "Chai yangu iko wapi? Au mmeshaanza kugawana vikombe?" Wanawake waliokaa mkekani wakaangua kicheko. Mjane, ambaye tangu usiku hakuwa amefungua kinywa, alicheka mpaka akalia, na nadhani kilio hicho ndicho kilichokuwa kimemkaba koo. Mama akaendelea, "Na nyie wanangu, nawaona mnanong'ona kule nyuma habari ya nyumba. Ngojeni basi nifike kaburini kwanza."

Hapo mshereheshaji akamkatiza: tunaomba utulivu, hapa si mahali pa vichekesho. Vijana wawili wa kamati wakamshika mkono wakamtoa nje.

Nasema hapo ndipo mahali pake hasa. Yule mama hakuja kustarehesha watu, alikuja kazini. Wazee wetu waliwapa watani shughuli nzito za msiba, kuchimba kaburi, kuteka maji, kupika, kwa kuwa wao hawajavunjika kama wafiwa. Pamoja na jembe wakapewa ruhusa ambayo ndugu hana. Mtani anashuka kaburini na kulala humo, hatoki mpaka apewe pesa. Anaiga marehemu alivyokuwa akikopa na alivyokuwa akikwepa kulipa. Wasifu unaosomwa na kamati utakuambia mtu alizaliwa lini, alifanya kazi wapi na alikuwa mcha Mungu. Mtani anakurudishia mtu mwenyewe, na kikohozi chake.

Halafu lile la nyumba. Pale msibani kila mtu mzima alikuwa analijua. Kaka wa marehemu alilijua, mashangazi walilijua, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kulisema. Angeambiwa yeye ndiye mwenye tamaa, na ukoo ungepasuka kabla jeneza halijatoka. Mtani hana fungu katika urithi, na kwa mila hakasirikiwi. Neno likishatoka kinywani mwake limeshasikika na watu wote, wale watoto wa marehemu wameshajua kwamba wanaonekana, na bado wote wanaweza kula sahani moja. Kikao cha ukoo hakiwezi kufanya hivyo kwa siku nzima. Ndiyo maana siamini kwamba kilichowaudhi wenye kamati ni kelele.

Watoto nao walikuwa pale, wamejipanga ukutani wanatazama. Mtoto akimwona baba yake anaitwa mchoyo mbele za watu, na baba anacheka na kutoa noti, amefundishwa namna ya kubeba aibu bila kurusha ngumi. Amefundishwa na historia pia. Utani wa Wazaramo na watu wa bara, Wanyamwezi na Wasukuma, una mizizi katika misafara ya karne ya 19, wapagazi wakishuka na pembe za ndovu kuelekea Bagamoyo, wakipita na kulala katika nchi za watu wa pwani, wakigombana nao na kupatana nao. Wangoni waliingia kutoka kusini kwa vita. Leo Mngoni akikutana na Msukuma wanaitana watumwa na kucheka mpaka machozi. Damu ilimwagika, wajukuu wakaamua isidaiwe kwa damu. Mafunzo makubwa kiasi hicho tunayaondoa kwa sababu ya ratiba?

Jiji hilihili linajua kutaniana. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zinazodoana kila mwaka na kesho yake mashabiki wanapanda daladala moja. Mchekeshaji Mzee Majuto, aliyefariki Agosti 2018, alituchezea wazee wachoyo na wenye tamaa, na kila familia ikamtambua mjomba wake. Hata wakubwa wanahitaji kuchekwa. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alishikiliwa na polisi baada ya kusambaa video akiicheka picha ya zamani ya Rais wa wakati ule, Magufuli, na mpaka leo jambo lile linaniuma.

Nakubali, wapo watani wanaoharibu. Wapo wanaotukana ulemavu wa mtu, wapo wanaorekodi kwa simu ili wapate wafuasi, na kwenye jeneza la mtoto mtani mwenye akili anajua kunyamaza. Shehe akisema swala isiingiliwe, sawa, sina ubishi naye. Lakini mtani aliyekosea anakemewa na mtani mwenzake au na wazee, wanaojua mipaka iko wapi. Hakemewi na kijana aliyekodiwa pamoja na spika, asiyejua hata marehemu alikuwa akiitwaje nyumbani.

Basi kamati za mazishi, kama ratiba ni lazima, waandikeni watani humo, kabla mwili haujatoka, na mshereheshaji aweke kipaza sauti chini akae. Na mnapochangishana fedha za turubai na maji, tengeni na za kumtoa mtani kaburini.