Mashine ikigonga nguzo, nani kapiga mziki?

Kuna wasanii wanafunga mota na sumaku za umeme kwenye ala halisi, gitaa lenyewe, ngoma yenyewe, afu wanaziweka ukumbini, wewe uliyeenda kutazama unabonyeza au unasogea tu na sauti inatoka. Spika hamna. Ubishi uliopo ni huu: hapo umepiga mziki, au umewasha tu mashine kama unavyowasha feni?

Mfano ninaoupenda ni wa David Byrne, yule muimbaji wa bendi ya Talking Heads ya Marekani. 2005 kule Stockholm alichukua kinanda kikuukuu, vile vya kukanyagia vya kanisani, akakiunganisha na jengo zima kwa nyaya na mipira ya kupitishia hewa. 2008 akafanya hivyo New York, kwenye jengo la zamani la kivuko kusini mwa Manhattan, na 2009 London. Ukibonyeza kitufe hiki mota inatikisa boriti la chuma mpaka linanguruma, kile kinapuliza hewa kwenye bomba linalia kama filimbi, kingine kinyundo kinagonga nguzo. Yaani jengo ndo ala, na mtu yeyote anakaribishwa kukaa na kupiga.

Wanaosifia wana hoja nzito. Mpiga piano mwenye uzoefu wa miaka 20 na mtoto wa chekechea wakikaa pale wote ni wanafunzi, hakuna wa kumcheka mwenzie, na Byrne mwenyewe ndicho alichokuwa anakitafuta, watu waache kuona mziki ni bidhaa ya wataalamu tu. Afu kuna sauti yenyewe. Nguzo ikilia nyuma yako unageuka, bomba likilia juu unainua kichwa, uko ndani ya ala, na hiyo huwezi kuirekodi ukaisikilizia kwenye simu ukapata kitu kilekile.

Ila usawa huo umepatikanaje? Kwa kumnyang'anya fundi ufundi wake! Hivi vinyundo vingi ni koili ya waya tu, umeme ukipita inakuwa sumaku, inavuta kipande cha chuma, kinagonga. Kama mtengenezaji hajahangaika kuweka kipimo cha nguvu, basi bonyeza kwa hasira au kwa upole, mlio ni uleule. Wakati mtu na ngoma yake, akipiga katikati ya ngozi ni sauti nyingine, pembeni nyingine, akibana kwa kiganja nyingine kabisa.

Malalamiko haya ni ya zamani mno. 1906 John Philip Sousa, bingwa wa bendi za matarumbeta Marekani, aliwaambia wabunge wa kule kwamba mashine za mziki zitaua mziki wa watu majumbani. Mi naona alikosea kulaumu chuma. 2010 Pat Metheny, mpiga gitaa wa jazz wa Marekani, alitoka na bendi nzima ya ala zinazojipiga, baadhi zimeundwa na Eric Singer, fundi wa ala za roboti, na wenzake, yeye kasimama na gitaa anaziendesha, na sijui nani anaweza kusema yule jamaa kawasha feni, maana ukimpa mtu mwingine gitaa lile mziki haubaki uleule.

Hapo ndo kipimo changu kilipo: nikifanya tofauti, kinatoka tofauti? Kwenye ngoma zetu mpigaji anaangalia miguu ya anayecheza, akichoka yule na huyu anapunguza. Mashine inaniangalia mimi?

Trimpin, msanii Mjerumani anayeishi Seattle kule Marekani, ana mnara wa ala zaidi ya 500, nyingi magitaa, na baadhi zinajipiga zenyewe kwa kompyuta. Wewe ni kutazama na kusikiliza, na sina tatizo nao kabisa, kwa sababu haukudanganyi kwamba wewe ndo mwanamuziki. Wanaonikera ni wale wa sensa ukutani, yaani vile vifaa vinavyohisi mtu akisogea, unapita inakupigia kipande kilichopangwa tangu asubuhi, mwenzio akipita kipande kilekile, afu mlangoni wameandika eti sanaa shirikishi. Shirikishi wapi?

Kinanda cha Byrne kiko katikati. Nguvu ya kidole hakiijui, ila muda na mpangilio ni wako, unaweza kuacha boriti lingurume halafu ukagonga nguzo juu yake, na ukikaa nacho nusu saa naamini utaanza kukielewa. Sema nyuma yako kuna foleni.