Hati safi si ushahidi kwamba fedha ziko salama
Kuna habari inayosema jiji likipata hati safi ya ukaguzi kwa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania, basi fedha za wananchi ziko salama. Hapo sikubaliani. Hati hiyo inathibitisha kwamba hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa, haisemi kila shilingi ilitumika vizuri. Nilikuwa mkaguzi wa ndani kwenye halmashauri moja yenye hati safi, na bado ushuru wa soko uliokusanywa kwa POS, ile mashine ya kutolea risiti, ulikaa mikononi mwa wakala wiki kadhaa bila kufika benki. Tulimbaini kwa kulinganisha ripoti ya mashine na slipu za benki, siku moja baada ya nyingine, mpaka akarudisha. Someni hoja za ukaguzi, yaani kasoro ambazo mkaguzi anataka zijibiwe, zile ambazo LAAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, huwabana nazo wakurugenzi wa halmashauri. Kwenu diwani amewahi kuwasomea hata moja kwenye mkutano wa mtaa?