Ukoka Umelala, Mimi Nimeamshwa

Mtu wa pwani akikulalamikia baridi ya Juni, mwitikie kwa heshima na uendelee na shughuli zako, kwa sababu hajawahi kusimama kibarazani hapa Njombe saa kumi na mbili asubuhi, ameshika tochi mkononi na koti begani, huku mke wake akimuuliza kutoka ndani ya mablanketi mawili kama majani ya uani yameanza kurudia rangi yake.

Hayajarudia, wala hayatarudia wiki hii. Mwezi wa nne ukoka wetu ulikuwa kijani cha kumfanya ng'ombe wa jirani asimame kwenye uzio na kusahau njia ya kwao. Mwezi wa sita ukawa manjano, na sasa, katikati ya Julai, una rangi ya mkeka wa kurithi. Mji wetu umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua zilituaga mwezi Mei na hatuzitarajii mpaka Novemba, na usiku usipokuwa na mawingu wala upepo, ile hewa nzito ya baridi huteremka kutoka milimani kama maji na kutuama bondeni, ambako, kwa hekima yangu ya kutafuta kiwanja cha bei nafuu, ndiko nilikojenga.

Haya yote ningeyavumilia kama isingekuwa posa. Wazee wa upande wa kijana wanakuja mwishoni mwa Agosti kumposa Upendo, na mama yake ameshaamua kwamba watapokewa juu ya majani mabichi. Nilimweleza kwamba wageni wenyewe wanatoka Makete, ambako baridi ni kali kuliko ya hapa, kwa hiyo wakikuta uwanja umekauka watajisikia wako kwao. Mama Upendo alinitazama kwa muda mrefu, kisha akanikabidhi mpira wa maji.

Nikaanza kwa kuharibu. Nilichukua fyekeo nikaukata ukoka mpaka udongo ukaonekana, nikiamini kwamba ukinyolewa utachipua kwa hasira, na katika pilikapilika hizo nikakata pia kisigino cha buti langu la mpira la mguu wa kushoto, hivi kwamba tangu siku hiyo natembea nimelala upande kama lori la viazi lililopakiwa vibaya. Ukoka haukuchipua. Nikanunua urea, ambayo asilimia 46 yake ni naitrojeni, nikaimwaga kwa ukarimu wote, nayo ikaunguza hata vile vichipukizi vitatu ambavyo baridi ilikuwa imevisahau. Nikawa namwagilia jioni nikitoka kazini. Majani yakalala yamelowa usiku kucha, na baada ya wiki mbili yakaota madoa ya ukungu.

Ndipo nilipomwita kijana mmoja aliyesomea kilimo, ambaye huniamkia shikamoo kwa adabu zote kabla ya kunisema kitaalamu. Alichutama, akafukua kwa kisu mzizi mmoja unaotambaa, akaukwangua kwa ukucha. Nje ulikuwa mkavu kama kamba ya katani, lakini ndani ulikuwa mweupe na una maji.

“Mzee, huu haujafa,” akasema. “Umelala.”

Akanifafanulia kwamba ukoka ni jani linalopenda joto, na udongo ukishakuwa na baridi ya nyuzi 10 au chini ya hapo huacha kukua, ukaweka chakula chake mizizini na kungoja. Mbolea ya kukuzia wakati huo ni kumlisha mtu usingizini, kwa hiyo isubiri mvua. Fyekeo nalo lining'inizwe, na nilipokuwa nalitumia kabla ya baridi ningepaswa kuacha majani yenye urefu wa sentimita 5 hadi 7, kwa kuwa ndilo blanketi lake. Maji yatatosha mara moja kila baada ya wiki mbili au tatu, saa nne asubuhi jua likishapanda, mengi ya kufika mizizini. Majani yanayodondoka kutoka kwenye mparachichi yafagiliwe, yasiuzibe pumzi. Na juu ya yote, mtu asikanyage uwanja alfajiri ambayo sakitu imepiga, kwa sababu maji ya ndani ya jani yanakuwa yameganda, na mguu ukitua juu yake ile barafu hulipasua jani kutoka ndani. Jeraha halionekani siku hiyo hiyo. Hujitokeza baada ya siku mbili tatu, likiwa la kahawia iliyoiva na lenye umbo lile lile la mguu.

Nikiri kwamba maelezo hayo yaliniuma. Kumbe katika nyumba hii niliyoijenga kwa mkopo, aliyepewa ruhusa ya kulala kipupwe chote ni ukoka! Tena wenyewe ni wa aina hii inayoitwa kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ambayo watu wa Australia na Afrika Kusini waliichukua wakaipanda mpaka kwenye viwanja vya michezo; sijui kama huko nako inaamsha watu.

Basi nikawa mkali. Nilipigilia kibao chenye maneno MARUFUKU KUKANYAGA MAJANI KABLA YA SAA TATU ASUBUHI. Muuza maziwa akawa anapaza “Kamwene!” akiwa getini na kupitisha kidumu juu ya uzio. Mama mkwe, ambaye yuko nasi kwa ajili ya maandalizi, akawa anazunguka nyumba nzima kufuata kuni. Hata yule kicheche anayetuibia mayai mawili mawili tangu Juni, nilitangaza mezani, siku atakayokamatwa atajibu mashtaka mawili.

Jumatatu sakitu ilipiga vibaya sana, uwanja ukawa mweupe kama umemwagiwa unga. Alhamisi nyayo zikajitokeza. Zilianzia mlango wa nyuma, zikakata uwanja moja kwa moja bila aibu yoyote mpaka kwenye banda la kuku, kisha zikarudi. Mguu wa kulia ulikuwa mzima. Mguu wa kushoto haukuwa na kisigino.

Mama Upendo aliingia stoo bila kusema neno, akatoka ameshika buti langu kwa vidole viwili, akaliweka juu ya unyayo mmoja taratibu kama fundi viatu anayempima mteja. Liliingia sawasawa. Mama mkwe akakohoa. Nikajitetea kwamba mtu anayeamshwa kila alfajiri kukagua majani anahitaji kitu cha moto tumboni, na kwamba mama ntilie wa stendi hatozi chochote kumchemshia mtu mayai aliyokuja nayo.

Nimeomba niruhusiwe angalau kufunika nyayo hizo kwa samadi iliyooza, ambayo ni dawa nzuri ya udongo. Ombi limekataliwa. Mama Upendo amenikumbusha kwamba mtaalamu alikataza ukoka usisumbuliwe mpaka mvua zianze, kisha akaenda kupima uwanja kwa hatua. Viti vya wazee wa Makete vitapangwa mistari miwili, kuanzia mlango wa nyuma kuelekea bandani.