Tepu Mbili, Kiuno Kimoja: Nani Alipie Maabara ya Pamoja ya Utafiti wa Kisukari Kaskazini?

Kuna mama mmoja wa Kibosho alipimwa kiuno mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na timu mbili tofauti za utafiti. Mimi nilikuwa kwenye timu ya pili, karani wa kujaza fomu. Wenzetu walimwandikia sentimita 96, sisi tukamwandikia 99. Alikuwa ametunza ile karatasi ya kwanza kwenye daftari la kliniki, akaitoa, akazilinganisha. "Mwanangu, mwezi mmoja tu nimenenepa hivi? Au kanga ndiyo iliyonenepa?"

Kanga haikuwa na kosa, tulikuwa tumeipandisha. Tofauti ilitokana na mahali pa kupitisha tepu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka tepu ipite katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Mwongozo wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani unataka ipite juu kidogo tu ya mfupa wenyewe. Kwa mama aliyezaa watoto sita, umbali kati ya mistari hiyo miwili unatosha kabisa kuleta sentimita tatu. Timu ya kwanza ilifuata mwongozo wa mfadhili wake, nasi tulifuata wa kwetu. Vijiji vilevile, miezi ileile, na takwimu zisizoweza kuunganishwa bila mtu kukuna kichwa.

Kisa hiki kinanirudia kila nikisikia hoja kwamba wafadhili wa tafiti za kisukari na unene wakae meza moja, wachangie huduma za pamoja: maabara, friza za sampuli, vifaa vya kupimia mwili, watu wa takwimu. Badala ya kila mradi kuja na mashine yake na kuondoka nayo, kuwe na sehemu moja inayohudumia wote. Naiunga mkono hoja hii, ila si yote, na si kwa sababu zinazotajwa sana.

Kilimanjaro si mgeni wa utafiti huu. Vijiji vya mkoa huu vilikuwamo kwenye uchunguzi wa vijiji sita uliochapishwa mwaka 1989, ambapo wenye kisukari vijijini walikuwa chini ya asilimia 1. Mwaka 2000 yakachapishwa matokeo yaliyolinganisha kijiji cha Shari, Hai, na Ilala ya Dar es Salaam: kwa wanaume, Shari asilimia 1.7, Ilala 5.9. Halafu ukaja uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, watu wa miaka 25 hadi 64, ukaonyesha asilimia 9.1 wana kisukari, na 26 wana uzito uliozidi. Ukizipanga namba hizi mstari mmoja zinatisha, ila hazipangiki kirahisi hivyo, kwa kuwa umri wa waliopimwa ni tofauti na maeneo ni tofauti. Tunajua tumepanda, lakini tumepanda kwa kiasi gani hapa mlimani, kati ya Pasua mjini na migombani Marangu, hilo linahitaji kipimo kimoja kinachorudiwa kwa miaka mingi. Mradi wa miaka mitatu hauwezi kazi hiyo.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Marekani. Taasisi yao inayoshughulikia kisukari, mmeng'enyo wa chakula na figo hulipia vituo vya utafiti wa kisukari, na vingine vya lishe na unene. Fedha za vituo hivyo haziendi kwenye utafiti mmoja. Zinalipia vitengo vya huduma: hiki kinapima homoni, kile kinapima mafuta ya mwili, kingine kinasaidia hesabu. Mtafiti anapeleka sampuli, anachangia sehemu ya gharama, iliyobaki imeshalipwa na kituo. Kuna pia vijisenti vya kuanzia kwa vijana wenye wazo lisilo na mfadhili. Ni utaratibu mzuri. Ila wapenzi wake huku kwetu husahau kusema jambo moja: kituo hupewa chuo ambacho tayari kina watafiti wengi wenye ruzuku zao za kisukari. Ni paa linaloezekwa juu ya kuta zilizokwisha kusimama. Moshi kuta hizo ni chache, na ukitegemea ada ya watumiaji peke yake, friza itazimwa kabla ya mwaka kuisha.

Basi tuache? Hapana, na sababu yangu iko ndani ya kichupa cha damu.

Chukua mtu aliyetolewa damu asubuhi Gonja, Same, kabla hajanywa chai. Sukari yake ni milimoli 7.4 kwa lita. Kuanzia 7.0 kwa aliyefunga tunasema hiki ni kisukari, kwa hiyo huyu anacho. Damu inatakiwa iwekwe kwenye kichupa cha kifuniko cha kijivu, kile chenye dawa ya kuzuia seli zisile sukari, kisha inaingia kwenye kibebeo na safari ya Moshi inaanza. Watu wengi, hata wa afya, wanadhani dawa ile inafanya kazi papo hapo. Haifanyi. Inachukua saa moja au zaidi kukamata vizuri. Na damu isiyo na dawa hiyo, ambayo haijazungushwa kutenganisha seli, isipopata barafu ya kutosha, hupoteza sukari asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Kwa saa tatu za njiani, kikitumika kichupa kisicho na dawa na barafu ikayeyuka, 7.4 inasomeka kama 6.1. Mtu wetu anaandikwa kwamba yuko ukingoni tu, na anarudi kwenye soda yake.

Dawa ya tatizo hili inafahamika: mashine ya kuzungushia damu iwe karibu, barafu iwepo, na mtu aliyefundishwa awe kazini saa hiyo. Sasa nenda kwenye bajeti za miradi uulize mashine hiyo ni ya nani. Ni ya mradi. Mradi ukiisha inarudishwa stoo ya taasisi, inafunikwa nailoni, na mradi mwingine unaagiza nyingine ya aina tofauti. Nimeiona stoo ya namna hiyo. Zilikuwamo mashine tatu za kazi moja, moja nzima, mbili zikisubiri vipuri vya aina moja ambavyo hakuna aliyepewa fungu la kuvinunua.

Kipimo cha sukari ya miezi mitatu nacho kina mambo yake. Kinategemea chembe nyekundu za damu, kwa hiyo mwenye seli mundu, au mwenye upungufu wa damu kwa kukosa madini chuma, anaweza kupata jibu lisilo lake, na baadhi ya mashine hudanganyika zaidi kuliko nyingine mbele ya mtu aliyerithi seli mundu kwa mzazi mmoja. Maabara moja inayoijua mashine yake na kujua kasoro zake ina thamani kuliko maabara nne zinazobahatisha.

Upande wa pili una hoja nzito pia, na sipendi zinavyodharauliwa kana kwamba wanaozitoa wanalinda posho tu. (Wapo wanaolinda posho. Tusidanganyane.)

Ya kwanza ni lango. Fedha zikipita mlango mmoja, anayeshika ufunguo ndiye anayechagua maswali. Leo daktari kijana anayetaka kujua kama ulezi wa mbege unafanya nini kwenye sukari ya wazee wa Rombo anaweza kugonga milango mitano, minne ikafungwa na mmoja ukafunguka. Ukiwapo mlango mmoja, na waliokaa ndani wanapenda tafiti za dawa mpya, swali lake limekufa. Hata vipimo tunavyotumia vina alama za hilo. Ukomo wa kiuno uliopendekezwa kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, uliazimwa kwa Wazungu kwa muda, mpaka zipatikane takwimu za kwetu. Wa kuzipata ni watu wa maswali ya pembeni kama yule kijana.

Ya pili ni foleni. Huduma ya pamoja kwenye karatasi ni ya wote. Ikifika Jumatatu, sampuli za profesa mwenye mshirika wa nje zinaingia mashineni kwanza, na za mwanafunzi wa shahada ya pili zinakaa frizani mpaka tarehe ya kuwasilisha kazi imepita.

Ya tatu tuna mfano wake hapa hapa. Hospitali ya Kibong'oto, Siha, imehudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu 1926. Matibabu ya kifua kikuu sugu yalipoanza nchini mwaka 2009, wagonjwa walikusanywa pale kutoka kila mkoa. Ilikuwa na mantiki, kwani wataalamu walikuwa wachache na dawa ghali, na makosa yasingevumilika. Lakini mtu wa Ruvuma alikaa miezi mbali na shamba lake na watoto wake, na mzigo huo haukuwa kwenye bajeti ya yeyote. Baadaye huduma ikasambazwa mikoani. Nikiusoma mfano huu siuoni kama ushahidi dhidi ya kukusanya. Walianza pamoja wakapata ujuzi, kisha wakautoa nje. Tatizo huwa ni pale hatua ya pili isipoandikwa tangu mwanzo.

Halafu kuna suala la nani anabaki na friza mfadhili akiondoka. Mpango wa H3Africa wa utafiti wa jeni za Waafrika, uliolipiwa na taasisi za afya za Marekani pamoja na mfuko wa Wellcome wa Uingereza, ulijenga hifadhi za sampuli za pamoja Uganda, Nigeria na Afrika Kusini. Kazi ilikuwa ya maana. Mwaka 2022 muda wa mpango ukaisha, na kila hifadhi ikabaki na swali la kulipia umeme. Sisi tusijidhanie salama. Mei 2025 Marekani ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku mpya zile zinazopita kwenye chuo chao kisha zikagawiwa mshirika wa nje, mpaka utaratibu mpya utengenezwe. Hospitali ya KCMC ya hapa Moshi imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani tangu miaka ya 1990, kwa hiyo mambo ya Washington huku hayasomwi gazetini tu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaotaka mfuko mkubwa wa wafadhili. Kwa miaka mingi taasisi za nje ya Marekani zimepewa asilimia 8 tu ya ruzuku kwa gharama za uendeshaji, wakati vyuo vingi vya kwao vilipata 50 na zaidi. Asilimia 8 hailipi mlinzi, dizeli ya jenereta, wala fundi wa kufungua friza usiku TANESCO wakikata. Huduma za pamoja zinakufa kwa mambo hayo madogo. Mashine za kuzindua hazijawahi kukosa mtu wa kukata utepe.

Kwa maoni yangu mgawanyo uwe hivi. Mshahara wa fundi mkuu wa maabara, umeme na matengenezo vitoke bajeti ya ndani, ya serikali na ya taasisi zenyewe. Wafadhili wachangie kwa pamoja mashine, pamoja na mkataba wa huduma wa miaka yote ya uhai wa mashine. Kila mradi uandike ada ya kila sampuli kwenye andiko lake tangu siku ya kwanza, na sehemu ya ada hiyo ilipie sampuli za wanafunzi. Maswali ya utafiti yabaki huru, kila mtu na mfadhili wake. Najua jibu la haraka: fedha za ndani ziko wapi? Nchi za Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na sisi hatujafika. Sawa. Lakini mshahara wa fundi mmoja na dizeli si asilimia 1 ya pato la taifa.

Kuna ugomvi mwingine mdogo, wa kituo kikae wapi. Arusha wana Taasisi ya Nelson Mandela yenye watu wa sayansi ya chakula na lishe. Moshi wana KCMC, iliyofunguliwa 1971, yenye wagonjwa na kliniki ya sukari inayojaa kabla jua halijatoka. Kati yao ni kilomita kama 80 za lami, na utani wa siku nyingi kuhusu nani mjanja. Ya Arusha iko chini ya serikali, ya Moshi chini ya mfuko wa kanisa, kwa hiyo hata kuazimana friza ni mkataba wa kurasa kumi. Ningeiweka damu Moshi na chakula Arusha, kisha nikapambane na huo mkataba.

Na wala si lazima tusubiri mashine. Watafiti wa mikoa hii miwili wanaweza kukubaliana mwezi huu tepu ipite wapi, damu izungushwe ndani ya dakika ngapi, na fomu iandike muda wa kutoa damu na muda wa kuizungusha. Hilo halihitaji mfadhili. Kwamba halijafanyika linanifanya niwe na shaka kidogo na sisi wenyewe, kabla sijawa na shaka na Washington.

Yule mama wa Kibosho alinishikia kalamu, akauliza aandike ipi kwenye daftari, 96 au 99. Nilitazama fomu yangu, nikamtazama mwenzangu mwenye tepu, naye akatazama migomba. Nikamwambia aandike zote mbili, na tarehe.