Kura yangu ya 2013 nilimnyima Carrick

Jumatatu ya Aprili 22, 2013, saa nne usiku, kibanda umiza cha mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Manchester United walikuwa nyumbani na Aston Villa, na ushindi ungewapa ubingwa wa 20. Dakika ya pili tu Robin van Persie akafunga. Dakika ya 13 Rooney akapiga mpira mrefu kutoka nyuma, ukavuka mabeki wote, ukashuka kupitia juu ya bega la Van Persie. Hakuusubiri utue. Aliupiga ukiwa hewani kwa mguu wa kushoto, nyavu zikatikisika, vijana wakapanda juu ya mabenchi. Ilipofika dakika ya 33 alikuwa na mabao matatu peke yake na ubingwa ulikuwa umeshapatikana.

Mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu, fundi cherehani, hakuruka wala kupiga kelele. Aliniinamia akasema, "Mwanangu, wewe unamwangalia mfungaji tu. Mwangalie namba 16."

Namba 16 alikuwa Michael Carrick, kiungo mkabaji wa United. Nikamjibu, "Sawa mzee," kwa heshima, kisha nikaendelea kumwangalia Van Persie.

Msimu ulipokwisha, mashabiki tulimchagua Van Persie kuwa mchezaji bora wa mwaka wa klabu, tuzo inayobeba jina la Sir Matt Busby. Wachezaji nao wana kura yao wenyewe, na wao walimchagua Carrick. Klabu moja, msimu mmoja, mechi zilezile, majibu mawili. Watu waliokuwa wakicheza naye kila wiki, waliojua nani anawafanya wapumue wakiwa wamechoka, walimwona yule ambaye mzee alinionyesha. Sisi tulimwona aliyefunga mabao 26 ya ligi.

Siwezi kusema Van Persie hakustahili. Bila mabao yake ubingwa ule wa mwisho wa Sir Alex Ferguson usingekuja kirahisi namna ile. Ninachosema ni kwamba sisi mashabiki, tukipewa kura, mkono unaenda wenyewe kwa mtu aliyetufanya turuke, na kwa miaka mingi tabia hiyo imewanyima haki wachezaji waliokuwa uti wa mgongo wa timu hii.

Tazama orodha yenyewe. Inaanza 1988 na Brian McClair, aliyefunga mabao 24 ya ligi na kuwa wa kwanza klabuni kuvuka 20 tangu enzi za George Best. Kuanzia hapo hadi 2013 utawakuta mabeki watatu tu: Gary Pallister, Gabriel Heinze na Nemanja Vidic. Kipa, hakuna hata mmoja. Miaka 25 iliyokuwa na Peter Schmeichel na Edwin van der Sar langoni! Denis Irwin alicheza mechi 529, akatwaa ubingwa wa ligi mara saba, beki ambaye ungeweza kumaliza mechi nzima bila kukumbuka kosa lake hata moja, na jina lake halimo. Paul Scholes, mechi 718 na mabao 155, hayumo. Msimu wake wa mabao mengi zaidi, 2002/03, alifunga 20 katika mashindano yote. Mwaka huohuo Ruud van Nistelrooy alifunga 44. Unaona jinsi tuzo inavyoweza kumpita mtu wa aina yake maisha yake yote ya soka.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Machi 4, 1996, pale St James' Park. Newcastle walikuwa wanaongoza ligi, na kipindi cha kwanza waliwashambulia United mfululizo. Schmeichel aliokoa, akaokoa tena, akaokoa na yale ambayo watu walishaanza kuyashangilia. Kipindi cha pili Eric Cantona akapata nafasi, akafunga, ikaisha 1-0. Mbio za ubingwa zilianza kugeuka usiku ule. Mwisho wa msimu tuzo ikaenda kwa Cantona, na sina ugomvi na hilo, maana alirudi kutoka kifungo cha miezi minane akaibeba timu hadi kwenye bao lake la fainali ya Kombe la FA dhidi ya Liverpool. Lakini bao lile la Newcastle lilisimama juu ya mikono ya Schmeichel. Kama angeruhusu mawili kabla ya mapumziko, bao la Cantona lingekuwa la kufutia machozi.

Wapo wanaosema basi kura waondolewe mashabiki, wapewe makocha na wachezaji wa zamani. Hapo nakataa kabisa. Hii ni tuzo ya watu wanaolipia tiketi, na ya sisi wa mbali tunaolipa kiingilio kibandani na kukesha kwa ajili ya timu. Tena mashabiki tunapoamua kutazama vizuri, tunaona kuliko mtaalamu yeyote. Msimu wa 1998/99 Dwight Yorke alifunga mabao 29 na United wakachukua makombe matatu. Mashabiki wakampa nani? Roy Keane. Walikuwa wameuona usiku wa Turin, Aprili 21, 1999, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Juventus wakiongoza 2-0. Keane akafunga kwa kichwa, baadaye akapewa kadi ya njano iliyomaanisha hatacheza fainali, na baada ya kadi hiyo akacheza kana kwamba fainali ni yake peke yake. United wakashinda 3-2. Fainali ya Camp Nou aliitazama akiwa nje. Yule ndiye aliyepewa tuzo, na mimi naiona kuwa kura bora kuliko zote katika orodha ile. Jezi namba 16 aliyoivaa Keane, Carrick aliirithi alipotoka Tottenham 2006.

Mwaka 2005 nao walimpa Heinze, beki wa kushoto katika msimu wake wa kwanza, kwa sababu kila mpira aliuendea kama mtu anayedaiwa. Kwa hiyo jicho tunalo.

Halafu likaja jambo ambalo wengi walilishangilia na mimi lilinitia hofu. Kuanzia 2014 David de Gea alichukua tuzo miaka mitatu mfululizo, akairudia 2018. Mara nne ndani ya misimu mitano! Hatimaye kipa ameonwa, nami nilifurahi kwa ajili yake, hasa baada ya ile mechi ya Arsenal ya Desemba 2017 alipookoa mara 14 na United wakashinda 3-1. Lakini mwaka wa kwanza wa tuzo hizo timu ilimaliza ya saba. Kipa akiwa ndiye mtu bora wa nyumba mwaka baada ya mwaka, maana yake wezi wanafika mlangoni kila usiku. Viongozi wa klabu wangeisoma kura ile ya mashabiki kama ripoti ya daktari, wangejenga safu ya ulinzi na kiungo mapema.

Mwaka 2025 Bruno Fernandes aliipata kwa mara ya nne, msimu ambao timu ilimaliza ya 15 na kupoteza fainali ya Ligi ya Europa 1-0 mbele ya Tottenham kule Bilbao. Alifunga mabao 19 akiwa kiungo, katika timu iliyokuwa inazama. Nilimpa kura yangu bila kusita, na safari hii nilikuwa na sababu zaidi ya mabao: nilikuwa nimehesabu mara ngapi alirudi mbio hadi kwenye boksi letu mpira ulipopotea mbele, na wenzake wangapi walirudi naye.

Hiyo ndiyo namna ninavyotazama sasa. Dakika kumi za mwanzo za kila kipindi namwacha mwenye mpira, namfuata mchezaji mmoja asiye nao: anasimama wapi, anamwelekeza nani, njia gani anaiziba kabla pasi haijapigwa. Bao likiingia wakati huo nikalikosa, nitaliona kwenye marudio mara sita. Zile hatua tatu za kiungo mkabaji hakuna anayezirudia.