Wanyama Waliokaushwa Bado Wana Kazi Katika Makumbusho Yetu

Wanaotaka wanyama waliokaushwa waondolewe kwenye makumbusho ya magharibi mwa Kenya hawasemi ovyo. Mkusanyiko wa Kitale, kwa mfano, ulianzishwa mwaka 1926 na mlowezi Hugh Stoneham, na ndio uliokuwa msingi wa makumbusho ya mji huo yaliyofunguliwa mwaka 1974, kwa hiyo si ajabu mtu akiuona kama masalio ya zama ambazo mgeni aliwinda na kukusanya huku mwenyeji akibeba mizigo. Wanaongeza kwamba ngozi nyingi za zamani popote duniani zilihifadhiwa kwa sumu ya arseniki, na kwamba video nzuri humwonyesha simba akitembea na kunguruma. Halafu huuliza: kwa nini mtoto aoneshwe mzoga ilhali Maasai Mara ipo?

Maasai Mara ipo, lakini mtoto wa Nyalenda, mtaa wa mabanda mjini Kisumu, haifikii. Nauli, kiingilio na malazi ni mzigo ambao shule nyingi za Kisumu haziuwezi, ilhali makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yako mjini humo humo. Humo ndani simba amemrukia nyumbu, na mtoto anaweza kusimama karibu, akalinganisha kiganja chake na kile cha simba, akaona jinsi kucha zinavyoshika. Video haitoi kipimo hicho, maana kwenye skrini simba na paka huweza kuwa na ukubwa mmoja. Hata aliyebahatika kufika mbugani mara nyingi huona masikio tu juu ya nyasi.

Hata hivyo, hoja yenye uzito zaidi kwangu ni ya ushahidi. Simba wawili wa Tsavo waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898 walikuwa mazulia kwa takriban robo karne kabla ya kuuzwa, pamoja na mafuvu yao, kwa makumbusho ya Field mjini Chicago. Mwaka 2024 watafiti walitangaza matokeo ya kuchunguza vinasaba vya nywele zilizokwama katika meno yao yaliyovunjika: walipata twiga, pundamilia, choroa, kuro, binadamu, na pia nyumbu, ambaye hakutarajiwa katika eneo lile. Aliyeyatunza mafuvu hayo katika miaka ya 1920 hakujua kwamba siku moja nywele zingesomwa namna hiyo. Alichofanya ni kutotupa. Tukitupa vya kwetu leo, mtafiti wa kesho kutoka Chuo Kikuu cha Maseno atalazimika kuomba ruhusa ng'ambo ili asome habari za wanyama wa nyumbani kwake, na hilo ndilo linaloniuma kuliko jambo lolote katika mjadala huu.

Ziwa letu la Viktoria limeshatuonyesha gharama ya kupoteza. Baada ya sangara, yaani mbuta, kupandikizwa katika miaka ya 1950, na hasa alipoongezeka kwa kasi miaka ya 1980, aina nyingi za fulu, samaki wadogo wa ziwa hilo, zilitoweka. Wanasayansi wengi hukadiria kwamba ni kama 200 kati ya 500. Ngege wa asili, samaki aliyekuwa kitoweo cha kila nyumba, sasa hutafutwa katika maziwa madogo kama Kanyaboli kule Siaya. Kwa aina zilizokwisha kabisa, kilichobaki ni samaki waliohifadhiwa, na thamani yao inategemea kibandiko kinachosema walivuliwa wapi na lini.

Kwa sababu hiyo, lawama ya ukoloni inastahili jibu la kweli, nalo ni kuandika upya vibandiko: nani aliwinda, wapi, mwaka gani, na nani aliyemwongoza porini. Ngozi zenye sumu ziwekwe nyuma ya kioo na kushughulikiwa na wataalamu. Skrini ziongezwe pembeni fedha zikipatikana, ila zisinunuliwe kwa bajeti ya kuzuia wadudu na unyevu, kwani ngozi iliyoliwa na nondo hairudishwi na skrini yoyote.